Bei ya Sigara: Karne Nne za Wafalme, Magendo na Hazina

Mwezi Oktoba 1604, Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alitoa amri ya kupandisha ushuru wa tumbaku inayoingia nchini mwake kutoka peni 2 hadi shilingi 6 na peni 10 kwa kila ratili. Shilingi ya enzi hizo ilikuwa na peni 12. Mfanyabiashara aliyelala akidaiwa peni 2 aliamka akidaiwa peni 82, yaani mara 41 ya ushuru wa jana. Mwaka huohuo mfalme alikuwa amechapisha, bila kutia jina lake, kijitabu cha kuishambulia tumbaku kuwa ni uchafu, ni madhara kwa mwili, tena ni desturi ya kigeni isiyofaa kuigwa na watu wake.

Mfalme huyo aliichukia tumbaku kwa dhati, na aliamini bei itawatenga nayo watu wa kawaida. Lakini forodha yake haikuwa na uwezo wa kuilinda amri nzito kiasi hicho. Tumbaku iliingia usiku kwa mashua, wafanyabiashara waaminifu wakalalamika, na haukupita muda mrefu ushuru ukashushwa. Kisha likatokea jambo lililobadilisha msimamo wa ikulu moja kwa moja. Katika koloni la Virginia, walowezi wa Kiingereza waliokuwa wakifa kwa njaa walifanikiwa kuotesha tumbaku nzuri kuanzia mwaka 1612 hivi. Kabla ya miaka 30 kupita shehena zao zilikuwa zikihesabiwa kwa zaidi ya ratili milioni moja kwa mwaka. Mwaka 1619 serikali ya James ilipiga marufuku kilimo cha tumbaku ndani ya Uingereza kwenyewe, ili zao la koloni lipite forodhani na kulipiwa ushuru. Mfalme aliyeanza kwa kutaka tumbaku iondoke aliishia kuihitaji ibaki.

Tangu siku hizo kila serikali inayopanga bei ya sigara imekuwa ikijibu swali moja, ikijua au isijue: kodi hii ni ya kuijaza hazina, au ni ya kumlinda raia? Kwa zaidi ya miaka 300 jibu lilikuwa hazina. Ilipodhihirika kwamba kodi inaweza kufanya yote mawili, wengi walitarajia nchi tajiri zifaulu na nchi maskini zishindwe. Haikuwa hivyo. Zipo nchi tajiri zilizorudi nyuma kwa hofu, na zipo nchi za kipato cha kati zilizosonga mbele kwa kishindo. Kilichozitenganisha ni uamuzi, na namna uamuzi huo ulivyoandikwa katika sheria ya kodi.

Wakodishaji na wafanya magendo

Ufaransa ilichukua njia yake. Kardinali Richelieu aliweka ushuru wa tumbaku mwaka 1629, na mwaka 1674, chini ya waziri Colbert, biashara nzima ikageuzwa kuwa ukiritimba wa mfalme. Mfalme hakuiendesha mwenyewe. Aliikodisha kwa matajiri, nao wakailipa hazina kwanza kisha wakajirudishia fedha zao kwa wananchi. Msomaji wa historia ya pwani anaujua utaratibu huo, kwa kuwa ndivyo Seyyid Said wa Zanzibar alivyoikodisha forodha yake kwa wafanyabiashara wa Kihindi, akiwamo Jairam Shivji.

Wakodishaji wa Ufaransa walikuwa na walinzi wao wenye silaha, na walichukiwa sana. Chuki hiyo ndiyo iliyomfanya Louis Mandrin kuwa shujaa wa wanyonge. Alizaliwa mwaka 1725, akakusanya kundi la wafanya magendo, akawa anavusha tumbaku kutoka Uswisi na Savoy na kuiuza hadharani katika miji ya Ufaransa kwa bei ya chini. Wakati mwingine aliwalazimisha maofisa wa wakodishaji wenyewe wainunue. Askari wa Ufaransa walivuka mpaka kinyume cha sheria wakamkamata katika ardhi ya Savoy, na Mei 1755 akauawa kwa mateso mbele ya umati mjini Valence. Watu waliendelea kumwimba. Mapinduzi yalipokuja, bunge lilifuta ukiritimba huo mwaka 1791. Napoleon aliurudisha mwishoni mwa mwaka 1810, kwa sababu vita vyake vilihitaji fedha.

Somo la Mandrin linastahili kukumbukwa kila magendo yanapotajwa. Watu hawakumpenda kwa sababu tu tumbaku yake ilikuwa rahisi. Walimpenda kwa sababu kodi ile ilitajirisha wachache, na hakuna shule wala hospitali wala barabara ambayo mwananchi angeweza kuionyesha akasema hii ndiyo kodi yangu ya tumbaku.

Wanafalsafa wa uchumi waliipa desturi hiyo uhalali. Adam Smith, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776, aliitaja tumbaku pamoja na sukari na ramu kama vitu ambavyo mtu haishi kwa kuvitegemea, lakini vinatumiwa na karibu kila mtu, na hivyo vinafaa sana kutozwa kodi. Hakuwa na habari ya saratani. Alichokiona ni kitu ambacho watu hawakiachi hata bei ikipanda kidogo, na mweka hazina anayetafuta fedha za uhakika hahitaji sifa nyingine.

Dola zenye madeni

Karne ya kumi na tisa ilipofika, tumbaku ilikuwa dhamana ya dola zilizoishiwa. Dola ya Uthmania, ikilemewa na madeni ya Ulaya, iliikabidhi tumbaku yake kuanzia mwaka 1883 kwa kampuni ya wageni ili wadai walipwe. Japani iliifanya biashara yote ya tumbaku kuwa ya serikali mwaka 1904, mwaka ilioingia vitani na Urusi.

Kisa cha Uajemi ndicho kizito kuliko vyote. Mwaka 1890 Shah Naser al-Din alimpa Mwingereza mmoja, Meja Gerald Talbot, haki ya peke yake ya kununua, kuuza na kusafirisha tumbaku yote ya nchi kwa miaka 50. Shah angelipwa pauni 15,000 kwa mwaka pamoja na robo ya faida. Mkulima wa Shiraz angemuuzia mgeni, na mnunuzi wa Tehran angenunua kwa mgeni huyohuyo. Wafanyabiashara wa sokoni na masheikh walisimama pamoja. Mwezi Desemba 1891 fetwa iliyotolewa kwa jina la Mirza Hassan Shirazi, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa akiishi Samarra, ilitangaza kwamba kutumia tumbaku wakati huo ni haramu. Maduka yalifungwa na buruma zikawekwa kando. Hata wanawake wa nyumba ya Shah waligoma kuvuta. Mwanzoni mwa mwaka 1892 Shah aliufuta mkataba, na ili kuifidia kampuni akakopa pauni 500,000, mkopo wa kwanza wa Uajemi kutoka kwa wageni.

Taifa zima liliacha tumbaku kwa wiki kadhaa. Tukio hilo linakanusha dai ambalo wauzaji wamelirudia mpaka leo, kwamba mvutaji hawezi kubadilika na kwa hiyo kodi haimfai kitu. Mvutaji hubadilika akiwa na sababu ya kutosha. Katika siku za kawaida, sababu inayomfikia kila mtu, msomi na asiyesoma, wa mjini na wa kijijini, ni bei.

Mashine, vita na vocha za wazee

Sigara kama tuijuavyo ni mtoto wa mashine. James Bonsack wa Marekani alipata hataza ya mashine yake ya kusokota mwaka 1881, na James Buchanan Duke akaikumbatia. Mashine moja ilitoa zaidi ya sigara 100,000 kwa siku. Mwaka 1883 bunge la Marekani lilipunguza kodi ya sigara kutoka dola 1.75 hadi senti 50 kwa sigara elfu moja, na Duke akaishusha pakiti ya sigara kumi kutoka senti 10 hadi 5. Mashine na kodi ndogo vilifanya kazi pamoja. Mwaka 1902 makampuni ya Marekani na Uingereza yaliunda British American Tobacco, na mwaka 1907 kampuni hiyo ilikuwa imefika Afrika Mashariki. Mwaka 1928 ilikuwa na kiwanda Jinja, Uganda.

Vita viwili vya dunia viliisambaza sigara kwa mamilioni ya askari. Baada ya vita vya pili Uingereza ilikuwa imeishiwa dola, na tumbaku yake nyingi ilitoka Marekani. Mwezi Aprili 1947 Waziri wa Fedha Hugh Dalton alipandisha kodi kiasi kwamba pakiti ya sigara 20 iliruka kutoka shilingi 2 na peni 4 hadi shilingi 3 na peni 4. Nia yake ilikuwa kuokoa dola. Kwa kuwaonea huruma wazee, serikali iliwapa wastaafu vocha za kununulia tumbaku kwa nafuu, na utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1958. Leo ni vigumu kuamini kwamba serikali ilifadhili uvutaji wa wazee. Kwa mawazo ya wakati ule, sigara ilihesabiwa pamoja na chai na mkate.

Miaka mitatu tu baada ya bajeti ya Dalton, Septemba 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao wa wagonjwa wa hospitali za London na kuonyesha uhusiano mkubwa kati ya sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1962 chuo cha kifalme cha madaktari wa Uingereza kilitoa ripoti iliyoitaka serikali ichukue hatua, na kodi ya juu zaidi ikawa mojawapo. Januari 1964 Luther Terry, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti yake. Kwa mara ya kwanza tangu James wa Kwanza, kodi ya tumbaku ilizungumzwa kama dawa. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na ushahidi.

Makampuni yalielewa upesi. Nyaraka zao za ndani, zilizofunguliwa kwa umma kutokana na kesi zilizomalizwa Marekani mwaka 1998, zinaonyesha kwamba walihofia kodi kuliko karibu hatua nyingine yoyote, kwa kuwa waliona inapunguza wavutaji, hasa vijana. Jambo walilolijua vyumbani mwao walilikana mbele ya mabunge.

Mwaka 1994

Anayetaka kuona kwamba utajiri hauamui chochote peke yake, autazame mwaka 1994.

Canada, nchi tajiri, ilikuwa imepandisha kodi ya sigara kwa miaka kumi, na vijana wanaovuta walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu. Lakini sigara zilizotengenezwa Canada zilikuwa zikisafirishwa kwenda Marekani bila kodi, kisha zikirudishwa usiku kwa boti kuvuka Mto St. Lawrence, hasa kupitia eneo la Akwesasne karibu na mji wa Cornwall. Kufikia mwaka 1993 sehemu kubwa ya soko ilikuwa ya magendo. Tarehe 8 Februari 1994 Waziri Mkuu Jean Chrétien alitangaza kupunguza kodi, na majimbo ya Quebec na Ontario yakapunguza zaidi. Katika majimbo hayo bei ilishuka kwa karibu nusu, na uvutaji wa vijana ukaacha kupungua, ukapanda.

Ukweli wa nani alikuwa nyuma ya magendo yale ulichukua miaka 14 kufika mahakamani. Mwaka 2008 makampuni mawili makubwa ya sigara ya Canada yalikiri kosa kuhusu sigara zilizorudishwa kimagendo, na yakakubali kulipa dola za Canada bilioni 1.15 kwa faini na fidia. Mwaka 2010 mengine mawili yalifuata. Kwa hiyo kodi haikuwa imeshindwa. Waliokuwa wakilia kwamba kodi inaleta magendo walikuwa wakiyalisha magendo hayohayo.

Mwaka huohuo wa 1994, Afrika Kusini ilifanya uchaguzi wake wa kwanza huru. Chini ya utawala wa ubaguzi, kodi ya sigara ilikuwa imeachwa ikiliwa na mfumuko wa bei kwa miongo mitatu, na sigara ikawa rahisi mwaka hadi mwaka. Serikali mpya ya Nelson Mandela ilitangaza kwamba kodi itapandishwa hatua kwa hatua hadi kufikia asilimia 50 ya bei ya dukani, na ilifika hapo mwaka 1997. Nkosazana Dlamini-Zuma, daktari aliyekuwa Waziri wa Afya, aliongoza pia sheria ya mwaka 1999 iliyopiga marufuku matangazo ya sigara. Mwaka 1993 takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu alikuwa akivuta, na miaka kumi baadaye alikuwa mmoja kati ya wanne. Sigara zilizouzwa zilipungua huku mapato ya kodi yakiongezeka.

Serikali ile ilikuwa na kila kisingizio cha kusubiri. Ilikuwa na wakulima wake wa tumbaku, mipaka mirefu na majirani wenye sigara za bei rahisi. Ilikuwa pia na kampuni yenye nguvu kubwa nyumbani, na mamilioni ya maskini ambao wangeweza kutumiwa kama hoja. Iliamua, na takwimu zikaitetea.

Uingereza ilikuja kuthibitisha upande wa pili wa somo. Magendo yalipokaribia pakiti moja kati ya tano mwaka 2000, haikufuata njia ya Chrétien. Iliongeza maofisa wa forodha na mashine za kuchungulia makontena, ikayabana makampuni kuhusu sigara zinazokwenda nje. Kodi ilibaki juu, na magendo yakapungua.

Hesabu ya Washington na kura za Manila

Mwaka 1999 Benki ya Dunia ilichapisha ripoti ambayo mawaziri wa fedha hawangeweza kuipuuza kama mahubiri ya madaktari. Ilikadiria kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa karibu asilimia 4 katika nchi tajiri, na kwa karibu asilimia 8 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Maana yake ni kwamba kodi hufanya kazi zaidi palepale ambapo haitozwi vya kutosha.

Tufanye hesabu ya mfano. Pakiti inauzwa shilingi 100, na 40 kati yake ni kodi. Serikali inaipandisha kodi hadi shilingi 60, bei inafika 120, imepanda kwa asilimia 20. Kwa kipimo cha nchi maskini mauzo yatapungua kwa asilimia 16, kwa hiyo waliokuwa wakinunua pakiti 100 sasa wananunua 84. Hazina iliyokuwa ikipata shilingi 4,000 sasa inapata 5,040. Watu wamevuta kidogo, na fedha zimeongezeka. Hali hiyo hudumu maadamu kodi ni sehemu tu ya bei, na katika nchi nyingi maskini haifiki hata nusu.

Mwaka 2003 Mkutano wa Afya Duniani uliupitisha Mkataba wa Mfumo wa Udhibiti wa Tumbaku, na ibara yake ya 6 inazitambua bei na kodi kuwa njia madhubuti ya kupunguza uvutaji. Kenya iliuridhia mwaka 2004, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2005, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Shirika la Afya Duniani limependekeza kodi zote kwa jumla zifikie angalau asilimia 75 ya bei ya dukani.

Ufilipino ndiyo iliyoonyesha jinsi sheria ya kodi inavyoweza kuandikwa kwa faida ya makampuni, na jinsi inavyoweza kuandikwa upya. Kwa sheria ya mwaka 1996, sigara ziligawanywa katika madaraja kwa bei, na chapa zilizokuwapo wakati huo ziliendelea kutozwa kwa bei za 1996 hata miaka 15 baadaye. Sigara za daraja la chini zililipa peso 2.72 tu kwa pakiti. Serikali ya Benigno Aquino wa Tatu ilipeleka muswada bungeni mwaka 2012, mapambano yakawa makali, na baraza la seneti likaupitisha kwa kura 10 dhidi ya 9. Mwaka 2013 kodi ya daraja la chini ilipanda hadi peso 12. Mwaka 2017 madaraja yalifutwa na kila pakiti ikalipa peso 30.

Jambo lililoishindia sheria hiyo mioyo ya watu ni matumizi ya fedha. Sehemu kubwa ya mapato ya ziada ilielekezwa kwenye afya, na familia maskini ambazo serikali ililipia bima ya afya ziliongezeka kutoka milioni 5 hivi mwaka 2012 hadi zaidi ya milioni 14 mwaka 2014. Fungu lilitengwa pia kwa mikoa inayolima tumbaku. Mwaka 2009 waliokuwa wakivuta sigara walikuwa asilimia 28.3 ya watu wazima, na mwaka 2015 walikuwa asilimia 22.7. Mfilipino aliyelipa kodi ya sigara aliweza kuonyesha kadi ya bima ya mama yake, jambo ambalo watu wa zama za Mandrin hawakuwa nalo.

Katika Ghuba hatua zilikuja kwa pamoja. Saudi Arabia ilianza kutoza tumbaku ushuru wa asilimia 100 Juni 2017, Falme za Kiarabu zikafuata Oktoba mwaka huo, na Oman Juni 2019.

Bei ya juu bila ulinzi nayo ina hatari zake, na anayeitetea kodi hana budi kulisema hilo waziwazi. Nchini Australia, ambako pakiti inazidi dola 40 za huko, magenge yamegombania soko la sigara za magendo, na tangu mwaka 2023 maduka kadhaa ya Melbourne yamechomwa moto. Afrika Kusini yenyewe ilipoiacha mamlaka yake ya mapato idhoofike baada ya mwaka 2014, sigara zisizolipiwa kodi zilifurika. Marufuku ya kuuza sigara wakati wa korona, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Agosti 2020, iliwapa wafanya magendo wateja wapya. Kodi inahitaji mkono wa kuilinda, jambo ambalo Mfalme James alilijua kwa kuchelewa.

Nairobi na Dodoma

Kenya imepita njia hiyo kwa kupanda na kushuka. Hadi mwaka 2011 ilitoza sigara kwa madaraja. Mwaka huo ikaweka kiwango kimoja, shilingi 1,200 kwa sigara elfu moja au asilimia 35 ya bei, ipi kubwa. Mwaka 2013 ilileta stempu zinazoweza kukaguliwa kwa mtambo na kufuatiliwa kutoka kiwandani hadi dukani, na sigara za magendo zikapungua. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilifikisha kiwango shilingi 2,500 kwa kila sigara elfu, yaani shilingi 50 kwa pakiti ya 20. Kisha mwaka 2017 ikarudi nyuma, sigara zisizo na kichungi zikashushiwa ushuru hadi shilingi 1,800. Mwaka 2020 ilijiunga na itifaki ya kimataifa dhidi ya biashara haramu ya tumbaku. Mwaka 2023 ilifuta utaratibu wa kurekebisha viwango kila mwaka kufuatana na mfumuko wa bei. Desemba 2024 iliunganisha tena viwango kuwa kimoja, shilingi 4,100 kwa sigara elfu, yaani 82 kwa pakiti, iwe na kichungi au isiwe nacho.

Tanzania ina historia yake. Kampuni ya sigara iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961 ilitaifishwa mwaka 1975, na kwa miaka 20, hadi ilipobinafsishwa mwaka 1995, serikali ilikuwa mtoza kodi na mwenye kiwanda kwa wakati mmoja. Tabia ya kuilea bidhaa hiyo imebaki katika jedwali la ushuru. Katika bajeti ya 2017/18, iliyosomwa na Dkt. Philip Mpango aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, sigara zisizo na kichungi zenye tumbaku ya nchini kwa angalau asilimia 75 zilipangiwa shilingi 12,447 kwa kila sigara elfu moja. Zenye kichungi na tumbaku ya nchini kwa kiwango hicho zilipangiwa 29,425, na nyinginezo 53,235. Kwa pakiti ya 20 hizo ni takriban shilingi 249, 589 na 1,065.

Sigara kali ya bei ya chini, ile anayoimudu mbeba mizigo wa Kariakoo na mvulana wa miaka 16, ndiyo inayolindwa kwa ushuru mdogo kuliko zote. Bei ikipanda huku juu, mvutaji anashuka daraja badala ya kuacha. Ufilipino iliishi hivyo miaka 15, na Kenya ilirudi huko kwa miaka saba.

Hoja inayotetea jedwali hilo ni mkulima wa Tabora, Urambo na Chunya. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa, kwa sababu jasho la mkulima huyo ni la kweli na deni lake la pembejeo ni la kweli. Lakini sehemu kubwa ya tumbaku yake huuzwa nje ya nchi. Bei yake hupangwa na wanunuzi wa kimataifa, wala haiyumbi kwa sababu mvulana wa Mwanza ameshindwa kumudu fegi. Kama nia ni kumsaidia mkulima, Ufilipino imeonyesha namna ya kufanya: chukua fungu la kodi umpelekee.

Hoja nyingine ni kwamba kodi ya sigara inamkandamiza maskini. Maskini anakandamizwa na ugonjwa unaomlaza bila bima, na fedha za unga zinazoishia kwenye pakiti. Yeye ndiye wa kwanza kupunguza bei inapopanda, kwa hiyo faida ya afya inamfikia yeye kwanza. Kinachomdhuru ni sigara inayouzwa moja moja kioskini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza biashara hiyo, lakini bado inaonekana kila kona. Kwa bei ya sigara moja, kodi yoyote huonekana ndogo.

Stempu za kielektroniki zipo Tanzania tangu mwaka 2019, na Kenya tangu 2013, kwa hiyo kisingizio cha magendo kimepungua nguvu. Yaliyobaki ni mambo matatu ambayo hayahitaji utajiri wa nchi: kiwango kimoja kwa kila sigara bila kujali kichungi wala asili ya tumbaku, nyongeza ya kila mwaka inayozidi mfumuko wa bei na ukuaji wa kipato, iliyoandikwa katika sheria ili isitegemee hisia za bajeti, na fungu la wazi la mapato hayo kwa bima ya afya na kwa wakulima wanaotaka kuhamia zao jingine. Afrika Kusini ya 1994 na Ufilipino ya 2012 hazikusubiri ziwe tajiri ndipo zianze. Mabunge yetu yanapokutana kila Juni kujadili ushuru wa bidhaa, yana mbele yake karne nne za ushahidi, na wajibu wa kumweka kijana ambaye bado hajavuta sigara yake ya kwanza mbele ya mapato ya mwaka mmoja.